Mwaka wa Sufuria Mbili

Juma iliyopita tulimuzika Mama Katembo, mukwe wangu, mama ya mwanaume mwenye alioa binti yangu. Tulimuzika hapa hapa Butembo, mvua ikituingia mu shingo, na tangu siku ile batu ba nyumba banasema nimekuwa na kelele nyingi. Banafikiri ni huzuni. Bon, huzuni iko, sikatai, mais iko na kitu ingine. Pale ku matanga nililetewa sahani ya chakula, na ile sahani njo ilinirudisha ku ule mwaka mumoja wenye ulinigeuza, miye mwenye nilifikiri kisha kuzaa na kuozesha nimemaliza kujifunza. Nitafika ku sahani. Munivumilie. Masomo yangu yaliishia pale mutu anajua kuandika jina na kusoma Biblia akifuata na kidole, donc ninaandika vile ninaongea: natoka nyumbani kwenda kuchota maji, mais napitia kwanza kwa jirani kuangalia amepika nini.

Habari ya ukoo wangu hapana, kila mutu iko na wake na yote inafanana. Nianze na siku Kahindo, binti yangu, alifika na pikipiki kwa njia ya Beni, vumbi mpaka ku kope, Masika amefungwa ku mugongo. Masika alikuwa na umri wa kuongea, mais si wa kunyamaza. Kahindo na bwana yake Katembo baliishi Beni, upande wa Beu, mpaka ikawa mahali pa kulala na viatu ku miguu. Kisha bakaenda Kamango, karibu na mupaka wa Uganda, kuuza chumvi na sabuni. Nilimupa Kahindo viazi na maharagi, akakula akisimama, macho yake ku mulango. Ninakumbuka ile nyumba yetu vile ilikuwa siku ile: mbao za ukuta zimevimba na mvua, kiti kimoja chenye mugongo, na jiko la makala pembeni likitoa moshi kama mutu mwenye anakataa kuongea.

"Mama," akasema, "nakuachia Masika. Kule Kamango tukisikia kelele tunakimbia, na mutoto huyu anaulizaka maulizo wakati wa kukimbia."

"Muache."

"Mais unisikie muzuri. Weye uko na kazi, baba iko na kazi. Nikisikia kama mutoto wangu analelewa na batu ba inje, nakuja kumuchukua. Heri afie mu mikono yangu kule kule."

"Batu ba inje gani? Unaniona miye ni mutu wa kugawa batoto?"

"Nakuambia tu. Masika hapana kula kwa mutu. Hata kama ni mukate, hata kama ni bale ba kanisa. Hapana kula kwa mutu."

Hakuwa na wazimu, binti yangu. Batu benye hawakuishi huku hawawezi kuelewa. Kule Beni balijifunza kama mwenye kukusalimia asubuhi anaweza kuwa mwenye kuonyesha njia kwa bauaji. Kisha ukaja ule ugonjwa wenye ulitukataza kupeana mikono, tukawa tunasalimiana kwa viwiko kama kuku zenye zinapigana. Mutu akikupa chakula, ulimungoja aonje kwanza. Hiyo ya kuonja ilikuwako tangu zamani kwetu, mwenye kuleta kinywaji anakunywa mbele yako ujue hakuna sumu. Mais zamani ilikuwa adabu, mutu alionja akicheka. Mu ile miaka hakuna mutu alikuwa anacheka.

Sasa kazi yangu. Nilikuwaka muchambuzi ku depo ya kahawa. Tunakaa ku meza ndefu, bamama ishirini na zaidi, kila mutu na nafasi yake, mutu anamwaga kahawa mbele yako na weye unatoa mubaya: nyeusi, yenye kuvunjika, yenye mududu ametoboa. Mutu mugeni anafikiri tunaangalia kahawa yote. Hapana. Mwenye kuangalia yote anasinzia. Unalegeza macho, unaacha mikono itembee, na ile mubaya njo inaruka yenyewe kukuita. Kisha miaka mingi ku ile meza, macho yangu hayakujua tena kupumzika. Nikiingia mu nyumba ya mutu naona kwanza kikombe chenye kuvunjika. Nikimuangalia pasta naona kifungo chenye kimekatika. Baba Kahindo, bwana yangu, alikuwa anasema: "Weye ukifika mbinguni utachambua bamalaika."

Na batoto hawakuruhusiwa mu depo. Kapita, musimamizi wetu, alikuwa mutu mufupi mwenye kuvaa koti hata wakati wa jua, na alisimamaka ku mulango akihesabu vichwa. "Kahawa haipendi makamasi," alikuwa anasema. Inje ya mulango balikaa bamama bengine, kila asubuhi, bakingoja mumoja wetu augue ao afe ili baingie ku nafasi yake. Balikuwa banatusalimia vizuri sana, na kila salamu ilikuwa kuangalia kama umekonda.

Donc Masika akaenda na babu yake. Baba Kahindo alikuwa fundi wa nguo ku soko, chini ya baraza ya duka, mashini yake ya miguu na radio yenye kukohoa. Alimutengenezea mutoto nafasi chini ya meza, juu ya vipande vya vitenge, pale anaweza kumugusa na kiatu akishona. Asubuhi nilimuosha mutoto, nilimulisha uji, nilimuambia: "Hapana kula kwa mutu." Yeye alijibu: "Hapana kula kwa mutu." Kama mustari wa Biblia. Jioni tulikutana sisi batatu ku jiko. Ilikuwa muzuri. Na miye, kitu ikiwa muzuri sana, naanza kutafuta ile nyeusi.

Haikuchelewa kuruka. Jioni moja Masika hakugusa viazi. Nikasema ni uchovu. Jioni ingine tena. Kisha nikafua kanzu yake nikaona ku mukono, pale mutoto anapangusa mudomo, rangi ya machungwa. Mafuta ya mawese. Miye ni mutu wa Kipese, ku milima. Kwetu ni viazi, maharagi, shu, ile kabichi, na sufuria yangu haijawahi kujua mawese. Mawese ni ya batu ba chini, ba Beni, kule kwenye joto. Nikanusa ile kanzu kama mbwa. Mawese, na sombe, yale majani ya mihogo yenye kutwangwa. Nikamuangalia bwana yangu mwenye anakula polepole, anazungusha maharagi mu sahani, na nikaona kitu chenye sikuwa nimeona: mukanda wake ulikuwa umelegezwa tundu moja.

"Baba Kahindo, mutoto amekula wapi?"

"Amekula tu."

"Tu ni nyumba gani?"

Akapangusa mudomo. "Mama Kahindo, mutoto iko muzima. Unataka nini?"

Mutu mwenye anajibu ulizo na ulizo, miye namujua. Sikulala vizuri. Kesho yake ku meza ya kahawa jirani yangu Mama Kavugho, mwenye ulimi wake haukuwahi kuchoka, alinisukuma na kiwiko. "Mama Kahindo, nilimuona muzee wako ku soko. Anang'aa! Shavu kama ya bwana harusi. Unamukaangia nini?"

"Maharagi."

"Maharagi!" Meza yote ikacheka. "Dada, maharagi hayang'arishi mwanaume. Kuna sufuria ingine."

Nilicheka nao. Ulikuwa mucheko wa kuchunga meno. Mikono ikaendelea kutoa nyeusi, na kichwa changu kikatengeneza mwanamuke: munene, wa Beni, mwenye mawese, na kijiko chake kinaingia mu kinywa ya mujukuu wangu. Wivu nilikuwa nayo, kwa umri ule, sitaficha. Mais ile wivu ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa ile sauti ya Kahindo: nakuja kumuchukua. Kama huyo mwanamuke iko, na Kahindo akasikia, Masika anarudi ku njia ya Kamango. Na nikiacha kazi nimulinde miye mwenyewe, tunakula nini? Mashini ya Baba Kahindo ilikuwa inalipa nyumba tu. Chakula ilikuwa ya meza yangu.

Kisha ikaja ile ya musalaba. Tunakaa kula, na kabla niombe, Masika akapeleka mukono ku paji, ku kifua, ku bega huku, ku bega kule. Sisi ni Baprotestanti. Baba Kahindo akaanguka mu kukohoa.

"Masika, nani alikufundisha hiyo?"

"Mukaka."

Mukaka ni bibi, kwetu. "Mukaka ni miye."

"Hapana," akasema, mutulivu sana, "mukaka mwingine."

Sikuuliza zaidi. Kesho nilimuambia kapita jino inaniuma, nikafunga kitambaa ku shavu, nikatoka. Pale ku mulango bale bamama bengine balisimama bote pamoja, kama kuku bakisikia mahindi.

Nilifika ku soko nikipita nyuma, kati ya vibanda vya viatu vya mutumba. Mvua ya Butembo ilikuwa ile ndogo, yenye hainyeshi mais inakulowesha. Niliona baraza, niliona mashini, niliona Baba Kahindo akishona akiimba. Chini ya meza yake hapana mutoto. Upande wa kuume, nyuma ya ukuta wa mabati, kulikuwa na malewa, ile mikahawa yetu ya mbao mbili na benchi moja, bavuta chukudu, zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo, banakula na kofia ku kichwa. Na mwenye kupakua alikuwa mwanamuke mwembamba, muzee kama miye, kitambaa cheusi cha mujane. Ku mugongo yake amefungwa Masika, analala, kinywa wazi, na pembe ya mudomo rangi ya machungwa.

Alinigeukia na kijiko mu mukono. Nikaona ile nafasi kati ya meno ya mbele. Nilikuwa nimeiona ku harusi ya Kahindo, wakati alishuka mu kamio, lori zima, na mbuzi na baimbaji na mwavuli mweupe, akicheka kuliko bote.

"Mukwe!" akasema, na kijiko kikashuka.

"Kumbe njo weye."

"Hapana sema kwa nguvu. Batu banakula."

"Unafanya nini Butembo? Katembo anasema uko kwa ndugu yako padri, ku paroisse."

"Anasema vile nilimuambia. Shamba yetu haiendeki tena, mukwe. Bwana nilimuzika. Nilikuja na hii sufuria." Akaigonga na kijiko. "Nilimukuta muzee wako hapa, anashona. Nilimuapisha. Nilisema: hapana kumuambia mukwe, mpaka nipate kitu cha kushika mu mikono. Ningekuja kwako na nini? Ku harusi nilikuja na mbuzi na kamio. Sasa nije na masikio yangu?"

Na hiyo, niseme ukweli, niliielewa. Kwetu mutu haingii kwa bakwe na mikono mitupu. Heri ulale inje. Mais mashaka si mutu wa kuondoka juu umeelewa kitu. Nikasema: "Unamulisha mutoto wangu kitu gani?"

"Mutoto wetu. Sombe."

"Nilimukataza kula kwa mutu."

"Miye ni mutu?" Sasa sauti yake ikapanda. "Mama ya baba yake, miye ni mutu?"

Alichukua kijiko, akachota mu sufuria, akatia mu kinywa, akameza. Kisha akafungua kinywa, akatoa ulimi anionyeshe, kama mutoto mwenye amekunywa dawa. Bavuta chukudu bakaacha kutafuna. Akachota tena, akaninyooshea kile kijiko. "Nimeonja. Sasa kula."

Moshi ya ile sombe ilinigonga ku pua. Nilikuwa na njaa, sikukunywa chai ile asubuhi.

"Nimeshiba," nikasema.

Kijana mumoja akaangalia sahani yake, akaisukuma polepole. Mwingine akasimama. Mama Katembo aliona benchi yake inabaki tupu. Alinifungulia mutoto, akanipa, akapindua uso wake ku sufuria.

Nilirudi ku depo na Masika ku mugongo, na ku nafasi yangu amekaa mutu mwingine. Kapita aliangalia kitambaa ku shavu yangu. "Jino imepona? Balikuona ku soko."

"Kapita, ni mutoto. Sina mutu wa kumulinda."

"Miye pia nina batoto, banalindwa." Akajikuna ndani ya koti. "Unisikie, Mama Kahindo. Bengine hapa banakaa babili ku nafasi moja. Leo huyu, kesho yule. Miye naandika jina moja. Meza yangu haijali ni kitako ya nani, haitaki tu kukaa tupu. Tafuta mwenzako. Ukikosa, huyu anabaki."

Ni kweli, balikuwako bamama ba vile, ndugu na ndugu, mama na binti. Mutu na mutu mwenye anaamini. Nilitembea mpaka nyumbani nikitafuta mu kichwa mutu mwenye naamini, na nilifika nikiwa sijamupata.

Jioni ile Mama Katembo akaja kwetu. Hakuja na mikono mitupu: alibeba ile sufuria, mufuniko wake umefungwa na kitambaa, na kigoda chake mwenyewe. Baba Kahindo alimuachia kiti chenye mugongo, akakataa, akakaa ku kigoda chake. Nilimupa chai. Aliiangalia. Alizungusha kikombe. Chai ikapoa.

"Hunywi?" nikasema.

"Bamama ba mulima," akasema, "balisemaka mu kijiji chetu kama munajua mizizi mingi. Onja kwanza."

Miye! Mu nyumba yangu! Baba Kahindo akaangalia dari. Ningeonja ingekwisha, najua. Mais nilikumbuka ulimi wake inje mbele ya bavuta chukudu, na nikajiambia hapana, miye sitatoa ulimi kwa mutu. Tukakaa. Chai ikapata ile ngozi ya juu.

Njo Baba Kahindo akasema, sauti ndogo, ile ya kupima nguo: "Bamama, mutoto ni mumoja. Mukwe amulinde asubuhi, pale ku malewa, kama alivyofanya mpaka leo. Na jina yako, Mama Kahindo, irudi ku meza."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Juu siku zote atakuwa naye na miye sitakuwako." Na wakati nasema vile nikaona jibu, nyeusi kati ya nyeupe. "Abadilishane na miye. Siku tatu miye ku kahawa, siku tatu yeye. Mwenye hayuko ku kahawa iko ku malewa na mutoto. Na weye, fundi, uko pale unashona na macho wazi, siku zote sita."

Mama Katembo aliweka kikombe chini. "Ni ili unichunge."

"Ni ili tuchungane."

"Na sombe yangu, utaipika weye?"

"Na kahawa yangu utaichambua weye?"

Akacheka, ile nafasi kati ya meno ikaonekana. Njo vile tulipanga. Batu banaposikia hadithi hii siku hizi banasema, ah, upendo ya babibi! Hapana. Upendo haujui kupanga siku. Tulipanga na mashaka, na mashaka inapanga vizuri sana, haisahau hata saa moja.

Sasa mukumbuke: miye ku malewa! Siku ya kwanza nilipika vile najua, shu na viazi na kitunguu, na sombe ya mukwe niliipika bila mawese, maji na chumvi tu. Muvuta chukudu mumoja akainua kijiko juu ya jua. "Mama, hii sombe inaumwa. Imepauka. Ilikuwa ku hopitali?" Mwingine: "Yule mukaka wa mawese alienda wapi? Balimufunga?" Nilibabaika kujibu, na Masika chini ya meza ya babu yake akacheka mpaka akajikojolea. Mwishowe niliweka mawese. Nilipima na macho, sikuonja. Niliapa sitaonja.

Na yeye ku depo, balimuita Mama Kahindo kama miye, juu jina ilikuwa moja. Siku yangu ikifika, kabla ya kukaa, nilikuwa naingiza mukono mu gunia yenye alichambua jana. Nikikuta nyeusi, naifunga mu pembe ya kitenge, jioni naiweka mbele yake bila neno. Yeye aliiangalia, akaichukua, akaitupa mu makala. Kesho yake anapandisha kanzu ya Masika, anagonga tumbo yake na kidole kama mutu anachagua tikiti, ananiuliza: "Hii ni nini umemupa? Ni ngumu." Jioni tulipika kwangu, ku jiko moja, sufuria mbili: yangu ya maharagi, yake ya sombe. Baba Kahindo alikula mu zote mbili na hakusema iko tamu wapi. Alikuwa mutu mwenye busara. Masika pia alikula mu zote mbili. Miye nilikula yangu. Yeye alikula yake. Magoti yetu yaligusana, jiko ilikuwa ndogo.

Wakati Masika alishikwa na homa tulimubeba sisi babili mpaka ku kituo cha afya, kila mutu anashika mguu moja kama mutoto atakatwa. Muuguzi akauliza: "Alikula nini?" Na sisi babili, wakati moja, tukanyoosha kidole: miye kwake, yeye kwangu. Muuguzi akaweka kalamu chini. Ilikuwa malaria tu. Mais tulirudi bila kuongea, na ile njia yote nilisikia anasali rozari polepole, na miye nikaimba wimbo wa kitabu chetu, juu kidogo ya sauti yake, Mungu asichanganye.

Kahindo alikuja mwisho wa mwaka bila kutuma neno. Mutu alikuwa amemupigia simu, sijui nani, mais nadhani Mama Kavugho, ulimi wake ulifika hata Kamango. Aliingia mu soko moja kwa moja. Ilikuwa siku yangu ya malewa. Mukwe alikuwa ametoka depo mapema, mikono ingali na vumbi ya kahawa. Kahindo alisimama kati ya mabenchi, begi ku bega, hakutusalimia.

"Masika. Unakulaka kwa nani?"

Mutoto aliangalia huku, aliangalia kule. "Kwa bamukaka."

"Mukaka gani?"

"Bote. Mais bo benyewe habakuli kwa mutu."

Kahindo akaangalia jiko, akaona sufuria mbili. Akamutambua mama ya bwana yake na kitambaa cheusi, mu moshi, na begi ikamutoka ku bega. Nilifikiri ataanguka. Alisema: "Mama Katembo? Katembo anafikiri unakaa kwa padri!" Kisha akatugeukia kwa hasira, ile hasira yenye inakimbiza machozi. "Nilikuja kumuchukua. Nilisikia iko mu mikono ya mwanamuke wa malewa."

"Iko," nikasema. "Mwanamuke wa malewa ni miye leo. Kesho ni yeye."

"Na munapendana?"

Baba Kahindo alisimamisha mashini. Njo Mama Katembo akasema: "Binti, mutoto huyu hawezi kupiga chafya bila babili kuuliza nani aliweka pilipili. Kule Kamango nani atamuangalia vile?"

"Hatoki," nikasema miye. Ilikuwa mara ya kwanza tuko upande moja, na nilijisikia vibaya, kama mutu amevaa kiatu ya mwenzake na inamutosha.

Kahindo akakaa ku benchi. Aliangalia sufuria ya huku, sufuria ya kule. "Niliogopa batu ba inje," akasema. "Kumbe munamulinda kama polisi babili benye habaaminiani." Akaanza kucheka na kulia vyote pamoja. Alirudi Kamango na begi yake, bila Masika.

Tuliendelea vile kisha ule mwaka, mpaka depo ikafunga na Masika akaanza shule, na hata kisha pale. Katembo na Kahindo balirudi, Baba Kahindo akafariki, na sisi babili tukabaki majirani. Na ile ya sufuria haikuvunjika. Pasaka, mwaka mupya, ubatizo, kila mutu anakuja na yake imefungwa na kitambaa. Batu balicheka. Sijui kama ilikuwa bado mashaka ao ilikuwa imegeuka mchezo. Siku ingine nilimuona ananitazama juu ya kijiko na nikafikiri: anangoja. Mais miye pia nilikuwa nangoja, na chai ile ya kwanza ilikuwa ingali kati yetu, na ngozi yake ya juu.

Sasa ile sahani. Ku matanga, batu bamejaa mu ua, bakatoliki banaimba, nimekaa ku kigoda cha mukwe. Balinipa juu mabenchi yalikwisha. Sahani ikaletwa: bugali, na sombe yenye mawese inang'aa pembeni. Niliiangalia vile najua kuangalia. Nikalegeza macho, ningoje ile nyeusi iruke. Hakuna kitu kiliruka. Na mutu wa kuonja mbele yangu alikuwa mu shimo.

Masika ananizidi urefu leo. Aliniona. Alikuja, akachuchumaa, akachukua kijiko mu mukono yangu, akachota, akameza. Kisha akafungua kinywa, akatoa ulimi anionyeshe. Hakuna mutu alimufundisha ile; aliiona akiwa ku mugongo, miye nilifikiri analala.

"Nimeonja," akasema. "Sasa kula, mukaka."

Nikakula. Nilitafuna polepole, batu bakaniangalia.

"Chumvi imezidi," nikasema.

"Njo vile alikuwa anaweka."

Miaka yote ile, ku jiko moja, na sikujua.